Usirushe Mbali



Shukeni ziwani Kituku, hapa Goma, au popote ambapo mwambao bado haujafungwa na ukuta wa parseli ya mtu, mtawaona vijana wenye fito na ndoano wakishindana nani atarusha mbali zaidi. Wa mbali anapigiwa makofi. Samaki hamna. Mimi nasema samaki wao wamewaacha hapo hapo miguuni.

Ziwa Kivu si Ziwa Edouard, ambako mvuvi wa Vitshumbi anapata tilapia hata mbali na nchi kavu. Hapa kwetu ukingo unaporomoka ghafla. Kina kinafika karibu mita 485, lakini oksijeni anayohitaji samaki inaishia kwenye mita 60 au 70 za juu. Chini ya hapo ni gesi tupu ndani ya maji, pamoja na ile methane ambayo jirani zetu wa Karongi wanaigeuza umeme tangu 2016. Basi tilapia amebanwa kwenye ukanda mwembamba kandokando ya nchi kavu, penye majani, mawe na mahali pa kutagia. Katikati ya ziwa ni kwa sambaza, aliyeletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, naye huvuliwa usiku kwa taa na wavu unaoshushwa kati ya mitumbwi iliyofungwa pamoja. Hangojei ndoano yako. Kwa hiyo geuka. Acha kutazama upande wa Bukavu, rusha sambamba na ufuko.

Na kurusha kwenyewe kuna ufundi. Mabingwa wake ni wale wanaovua kwa ndoano iliyovishwa manyoya ili ifanane na mdudu. Msidhani ni mambo ya Ulaya peke yake: Kenya walipandikiza samaki aina ya trauti katika mto Gura mwaka 1905, na leo watu wanamvua kwa manyoya hata kwenye vijiziwa vya Mlima Kenya, kama Rutundu. Wakenya hao hao hufunga ndoano za manyoya kwa mikono na kuziuza ng'ambo. Manyoya ya kuku, wasikilizaji! Sisi tunayatupa.

Ndoano hiyo haina uzito, wala haina chubwi la kuivuta. Kinachoruka ni mshipi, ambao ni mnene na mzito kuliko uzi wetu wa plastiki, na ndoano inafuata nyuma yake tu. Ndiyo maana nguvu za bega hazisaidii kitu. Inua ufito polepole mpaka mshipi utoke majini, ongeza kasi, kisha simamisha mkono ghafla ufito ukiwa umepita kichwa kidogo. Halafu ngoja. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, maana macho yako mbele na kazi inafanyika nyuma. Mshipi lazima ukunjuke mgongoni kwako na kunyooka kabla hujaupeleka mbele. Ukiuwahi, utalia kama mjeledi wa mchunga ng'ombe wa Masisi, na manyoya yatakatika. Ukiuchelewesha, utaanguka na kunasa kwenye mawe ya lava, na lava yetu hairudishi ndoano. Geuza shingo uutazame, si aibu.

Mchana upepo hutoka ziwani na kukupiga usoni. Peleka mshipi juu ukiwa nyuma, uushushe chini ukiwa mbele, upite karibu na maji. Upepo ukitokea mkono wako wa kulia, rushia juu ya bega la kushoto, la sivyo ndoano itakutoboa sikio.

Lakini nyuma yako hapa Goma kuna nani? Kuna mama anayechota maji kwa bidoni, kuna mtoto anayeoga. Kwa mahali kama hapo kuna mrusho mwingine: vuta mshipi taratibu juu ya maji, uache utepete kando ya ufito, kisha piga ufito mbele na kuusimamisha. Mshipi unajiviringisha mbele bila kupita mgongoni kwa mtu. Hauendi mbali sana, na kama nilivyosema, mbali hakuna kitu. Mimi ningeanza kumfundisha kijana wa Goma na mrusho huu, hayo mengine baadaye. Maji ndiyo yanayoushika mshipi, kwa hiyo ajifunzie ziwani, na mahali pa ndoano afunge kipande cha sufu nyekundu mpaka mkono uzoee.

Neno moja kwa wanaokwenda alfajiri, kabla upepo haujaamka. Kando ya ziwa, hasa kati ya hapa na Sake, mazuku, ile gesi nzito yenye kuua, hukaa kwenye mashimo na mabonde madogo. Haionekani, na inaua mbuzi na watu. Mahali penye utulivu na kivuli, chini kabisa karibu na maji, ndipo mvuvi anapopenda kuketi. Simama juu ya mwamba, na mtoto uliyekwenda naye asimame hapo hapo pamoja nawe.