Dirisha la Ufipa Lisikatwe kwa Kipimo cha Dar es Salaam



Tumeitwa hapa Sumbawanga kusema juu ya madirisha. Wapo waliocheka waliposikia, wala hatuwalaumu. Dirisha ni kitu ambacho mtu hukifungua asubuhi na kukifunga jioni bila kukifikiri. Lakini katika jengo la ofisi au la maduka, joto huingia hapo, baridi huingia hapo, na fedha hutokea hapo hapo.

Mnauona wenyewe mtindo ulioingia nchini. Jengo likitaka kuheshimiwa sharti livikwe vioo toka chini hata juu. Mtindo huu ulikulia katika nchi za baridi, ukashuka Dar es Salaam, na sasa wapanda milima kuja kwetu. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha kama asilimia 80 ya joto la jua linalokipiga, na usiku hakizuii baridi kama ukuta wa tofali uzuiavyo. Tumeketi katika ofisi moja ya mji huu, jina lake tutaliacha, ambayo upande wake wote wa magharibi ni kioo. Saa tisa mchana makarani wamebandika magazeti kioo kizima ili wapate kivuli, na kwa kuwa kumekuwa giza, wamewasha taa! Asubuhi yake walikuwa wamevaa makoti. Basi mwenye jengo amelipia kioo ili apate mwanga, kisha analipia umeme ili apate mwanga.

Siku hizi kosa hilo laweza kuonekana kabla ya tofali la kwanza kulazwa. Ziko programu za kompyuta zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Moja yaitwa EnergyPlus, ambayo Wizara ya Nishati ya Marekani iliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2001. Nyingine ni Radiance, ipimayo mwanga. Mafundi wa maabara ya Berkeley, California, wakaziunganisha hizo mbili katika COMFEN, ambayo hulinganisha nyuso za majengo ya biashara, huu na ule. Zote zimetolewa bure, na hilo twalitia mkazo, maana umaskini usiwe kisingizio.

Kazi yake ni hii. Fundi huieleza programu chumba kimoja: urefu na upana wake, dirisha linatazama wapi, ni kioo cha namna gani, na upenu wa juu ya dirisha unatokeza sentimita ngapi. Programu hupita saa zote za mwaka, saa 8,760, moja moja, na katika kila saa huuliza jua liko wapi, hewa ina joto gani, upepo wavuma vipi. Mwisho hutoa hesabu ya umeme utakaoliwa na ya mwanga utakaofika mezani.

Lakini ndugu zangu, hapa ndipo penye hatari. Kompyuta haijui Sumbawanga. Yajua hali ya hewa iliyotiwa ndani yake tu. Mchora ramani akifanya uvivu akatia hewa ya Dar es Salaam, atapewa jibu zuri, lenye rangi na michoro, la jengo la Dar es Salaam.

Tuchukue mfano. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua letu hukaa upande wa kaskazini, kimo cha nyuzi kama 59. Desemba huhamia kusini, nyuzi kama 75. Kwa dirisha la kimo cha mita moja na nusu, kulifunika upande wa kaskazini katika Juni kwahitaji upenu wa sentimita 90 hivi. Upande wa kusini katika Desemba, 40 zatosha. Pwani njia ya jua ni karibu hiyo hiyo, na fundi wa huko akijenga zile 90 ana haki. Lakini sisi tuko mita 1,800 hivi juu ya bahari! Juni kwetu ni mwezi wa baridi, na jua la kaskazini ni moto usionunuliwa. Upenu mfupi huliacha liingie. Na Oktoba, katika joto letu, jua limesimama karibu utosini, hivyo upenu ule ule mfupi hulizuia. Ama mashariki na magharibi, jua huja limelala na upenu haufui dafu. Huko madirisha yawe machache.

Tusidhani kwamba elimu hii ya hewa ni ngeni hapa. Wafua chuma wa Ufipa walijenga matanuru marefu, malungu, kupita kimo cha mtu, yenye matundu chini. Hewa ya moto ilipanda juu, na hewa mpya ikavutwa ndani kwa matundu yale bila mtu kupuliza mivukuto. Jengo lenye madirisha ya chini na matundu ya juu hupumua vivyo hivyo. Naye Beda Amuli, alipochora Soko la Kariakoo lililojengwa miaka ya 1970, alilifunika kwa miavuli ya zege, kivuli kikakaa na hewa ikapita.

Kwa hiyo twaomba jambo moja katika kila jengo litakalojengwa mjini hapa kwa fedha za umma. Ramani iambatane na karatasi ya hesabu, na juu ya karatasi hiyo iandikwe hewa iliyotumika ni ya wapi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ipo, mchora ramani akaombe vipimo vya hapa. Asipokuja na karatasi, ramani irudi mezani kwake.

Sasa tuko tayari kwa maswali, na yule mzee aliyecheka aanze yeye.