Sauti, Simu na Kuta: Shule katika Mtaa wa Eastleigh

Umbo la shule nyingi za Eastleigh limeamuliwa na bei ya ardhi. Mtaa huu wa Nairobi ulianza rasmi mwaka 1921, na shule zake kongwe za serikali bado zina uwanja na safu za madarasa. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wakimbizi na wafanyabiashara walihamia hapa. Garissa Lodge, iliyokuwa nyumba ya wageni, ikageuka soko la maduka, na majengo ya ghorofa yakafuata. Shule binafsi na madrasa zikapanga vyumba juu ya maduka. Uwanja wa michezo ukawa paa, na honi za matatu zikawa zinaingia darasani.

Katika dugsi, yaani chuo cha Kurani cha Wasomali, wanafunzi hukaa mkekani, kila mmoja na ubao wake wa mbao. Wote husoma kwa sauti kwa wakati mmoja, kila mtu sehemu yake, na mwalimu hulinasa kosa kwa sikio. Chumba hicho kimepangwa kwa ajili ya sauti na kumbukumbu. Mtoto akitoka hapo huingia darasa la madawati yaliyoelekezwa ubaoni, ambamo kusema bila ruhusa ni kosa. Uhodari aliotoka nao haupati pa kukaa.

Vishikwambi vilivyoanza kugawiwa shule za msingi za serikali mwaka 2016 navyo vilidai chumba cha aina yake: chenye umeme na stoo yenye vyuma madirishani. Shule za kupanga ghorofani hazikuwemo katika mgao huo.

Mwaka 2020 ulionyesha zaidi kile ambacho kila kifaa kinadai. Shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, na tarehe 6 Mei serikali ikazuia watu kuingia na kutoka Eastleigh kwa takriban mwezi mmoja. Masomo yalirushwa kwa redio na televisheni, na walimu waliojiweza walituma kazi kwa WhatsApp. Lakini katika nyumba yenye simu moja, simu hiyo ndiyo pia M-Pesa ya mama anayeuza vitambaa. Redio ilidai kidogo kuliko vyote, ila haiulizwi swali.

Mtaala wa umilisi, unaomtaka mzazi ashiriki, umeifanya hoja hii ya vifaa vya nyumbani kuwa nzito. Kazi ya kuchapisha picha kwenye duka la intaneti humgharimu mzazi pesa na kumwacha nje ya somo. Kazi ya kumrekodi bibi akisimulia safari yake kutoka Kismayu humfanya bibi huyo kuwa mwalimu, hata kama hasomi Kiingereza. Wasomali wana uzoefu mrefu wa kurekodi sauti: mashairi yao yalisafiri kwa kanda za kaseti kabla ya kufika kwenye simu. Kituo cha Awjama, hapo hapo Eastleigh, kimeyapa mashairi na masimulizi ya aina hiyo maktaba na ukumbi.

Kwa hiyo chumba ambacho shule ya Eastleigh inakihitaji kabla ya maabara ya kompyuta ni chumba kidogo kilicho mbali na barabara, chenye mkeka, mapazia mazito ya kupunguza kelele, soketi ya kuchajia simu na kabati la kuhifadhi sauti zilizorekodiwa, kila moja ikiwa na jina la msimulizi, lugha yake na ruhusa aliyoitoa.