Hotuba ya Darasa la Jumamosi: Daftari la Mazoezi

Tunashukuru kupewa nafasi hii katika siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu. Waliotutangulia kusema wameeleza jinsi kikundi kilivyoanza na jinsi hisa zilivyokua, kwa hiyo hayo hatutayarudia. Sisi tunasimama hapa kwa niaba ya darasa la Jumamosi. Wapo wanaotuita "wanafunzi wazee", na jina hilo tumelipokea. Tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tulikuwa tunalikimbia: kukaa chini na kufanya mazoezi ya hesabu za biashara kwa mkono, kwa kalamu ya risasi, zoezi moja baada ya jingine, hata kama hakuna fedha yoyote mezani.

Kwa nini kupoteza muda kwa hesabu za fedha zisizokuwepo? Waume zetu walituuliza hivyo, na sisi wenyewe tulijiuliza. Jibu lake linaanzia kwenye shilingi 63,000.

Wanachama wa zamani mnakumbuka. Mwaka wa tatu, tulipofungua sanduku ili tugawane, fedha zilikuwa pungufu ya daftari kwa shilingi 63,000. Tulihesabu mara tatu. Kufuli zilikuwa nzima na funguo zote tatu zilikuwapo. Basi macho yote yakaenda kwa mweka hazina. Hakuna aliyesema neno "mwizi" siku ile, lakini tulilisema njiani tukirudi nyumbani, na yeye alilisikia. Alikubali kulipa kidogo kidogo ili mambo yaishe. Akalipa 20,000, akalipa tena 20,000.

Darasa la Jumamosi lilianza miezi kadhaa baadaye, wala si kwa sababu ya jambo hilo. Mabinti wawili wa wanachama walikuwa wanasoma masomo ya biashara sekondari, mtihani umekaribia, na walitaka mahali pa kufanyia mazoezi kwa sauti. Walikuwa na kitabu kimoja kikuukuu cha Frank Wood, kile ambacho wanafunzi wengi wa biashara wa Afrika Mashariki wamepitia, kimefungwa kwa uzi. Sisi tuliketi pembeni tukichambua mchele. Wao wanasoma swali kwa Kiingereza, kisha wanatufasiria: fulani ameanza biashara kwa mtaji wa kiasi hiki, amenunua bidhaa kwa mkopo, ameuza taslimu, ameweka fedha benki, andika katika leja, kisha toa urari. Tukaanza kujibu kabla yao. Hapo ndipo mchele ulipowekwa chini.

Jumamosi moja zoezi lilikuwa la kutafuta makosa. Urari haukukaa sawa. Upande mmoja umezidi. Binti akatueleza kwamba kabla ya kupekua daftari zima, chukua ile tofauti uigawanye kwa 9. Ikigawanyika bila baki, huenda mwandishi amegeuza tarakimu, kwa mfano 54 ameandika 45. Si lazima iwe hivyo kila mara, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia. Mmoja wetu akanyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Jamani, sitini na tatu." Gawanya 63,000 kwa 9, unapata 7,000 kamili.

Tulikwenda usiku uleule kwa katibu kuchukua madaftari. Tulilinganisha kila rejesho la mwaka ule na kitabu cha mwanachama mwenyewe. Tulilipata saa nne usiku. Mwanachama alirejesha 18,000, kitabu chake kinasema 18,000, leja ya mikopo inasema 18,000, lakini katika daftari la fedha imeandikwa 81,000. Fedha hazikupotea. Hazikuwahi kuwepo. Na mwandishi wa siku ile alikuwa mmoja wetu tunaosimama mbele yenu leo.

Tulimrudishia dada yetu 40,000 zake mbele ya kikao chote, tukamwomba radhi. Alizipokea. Kazi ya uweka hazina alikataa kuirudia, na mpaka leo hakuirudia. Tunalisema hili katika kitabu cha sherehe kwa ridhaa yake.

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena faida ya mazoezi. Lakini tahadhari moja tuliipata kwa mabinti haohao, na tunaomba wajumbe wa kamati waisikie vizuri. Urari ukikaa sawa si ushahidi kwamba hesabu ni safi. Ukiandika rejesho la mama mmoja katika akaunti ya mama mwingine, jumla zitakaa sawa kama kawaida, na mama wa kwanza ataendelea kudaiwa. Ukisahau kuandika muamala wote kabisa, pande zote mbili zitapungua kwa kiasi kilekile na urari utakunyamazia. Ndiyo maana tunalinganisha vitabu vya wanachama na leja kila mwezi, siyo mwisho wa mwaka.

Walituambia pia kwamba namna hii ya kuandika kila muamala mara mbili si ya jana. Mwaka 1494, mjini Venice, mtawa na mwalimu wa hesabu aitwaye Luca Pacioli alichapisha kitabu kikubwa, na sehemu yake moja ilieleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza madaftari yao. Hakuibuni yeye, aliikuta kwa wafanyabiashara akaiandika. Kwa hiyo msituambie kwamba elimu hii ni ya wasomi tu. Ilitoka sokoni.

Ndugu Mgeni Rasmi, hizo zilikuwa hesabu za fedha, yaani zile zinazoeleza kilichokwisha kutokea. Kuna ndugu yake, hesabu za gharama, na huyo ndiye aliyetukosesha usingizi. Zoezi lilitungwa na sisi wenyewe, la maandazi, maana nusu ya darasa ni wapika maandazi.

Mama anapika maandazi 200 kwa siku, anauza shilingi 200 kila moja. Unga kilo 8 kwa 1,800 ni 14,400. Sukari 3,000. Mafuta 7,500. Hamira, iliki na nazi 1,600. Mkaa 3,500. Jumla 30,000, sawa na shilingi 150 kwa andazi. Mauzo ni 40,000. Wote tukasema kwa sauti moja: faida 10,000 kwa siku! Binti akatuuliza, "Na kibanda mama?"

Tukaanza upya. Kwa mwezi, kibanda 60,000, kijana wa kuuza 104,000, taka na ulinzi 18,000. Karai na jiko vimegharimu 156,000 na vinadumu mwaka mmoja, basi uchakavu wake ni 13,000 kwa mwezi. Jumla 195,000, na hizo hulipwa hata ukipika maandazi kumi. Kila andazi linabakiza shilingi 50 za kuchangia huko. Gawanya 195,000 kwa 50: maandazi 3,900. Kwa siku 26 za kazi ni maandazi 150 kila siku kabla hujapata hata senti ya faida. Yale 50 ya mwisho ndiyo yako. Faida ya mwezi si 260,000 bali ni 65,000, na humo mama hajajilipa kwa kuamka saa kumi alfajiri.

Kisha tukapandisha bei ya unga kwa shilingi 200 tu kwa kilo. Ni shilingi 8 kwa andazi. Nani anaogopa shilingi 8? Mchango wa andazi unashuka kuwa 42, na faida ya mwezi inakuwa 23,400. Mwanafunzi mmoja akajibu haraka kwamba bei ipande iwe 208. Tulicheka sana. Mwanangu, nani atakulipa 208, na chenji utatoa wapi? Unaweza kupandisha mpaka 250 ukapoteza wateja, au ukapunguza donge, au ukavumilia. Kitabu kinakupa hesabu. Kuchagua ni kwako, nao vijana wamejifunza hilo kwetu kama sisi tulivyojifunza leja kwao.

Sehemu ya mwisho ya zoezi hilo ilileta ugomvi, nasi hatutaificha. Tuliuliza: mama huyu, kwa bei ya zamani ya unga, akikopa kwetu na rejesho likawa 100,000 kwa mwezi, itakuwaje? Faida yake ni 65,000. Hata tukimwongezea zile 13,000 za uchakavu ambazo hazijatoka mfukoni, ana 78,000. Anapungukiwa 22,000 kila mwezi, na hajala. Atazitoa wapi? Atazitoa kwenye unga wa kesho, kisha atakuja kukopa tena, nasi tutamsifu kwamba ni mkopaji mzuri. Tulipotazama orodha ya wanaochelewesha marejesho, tuliona maandazi yale yale. Wengine walikuwa wavivu, hatukatai. Lakini wengi tuliwakopesha wenyewe mpaka wakazama.

Tangu hapo tunaomba kila mwombaji wa mkopo wa biashara aketi na darasa, afanye zoezi la biashara yake mwenyewe kabla fomu haijafika kwa kamati. Wapo waliopunguza kiasi walichoomba. Yupo aliyekasirika akasema tunamchungulia jikoni, akaenda kukopa kwingine. Hatujui kama tulikosea namna ya kumwambia. Pengine tulikosea.

Kwa wale wanaodhani wamechelewa: baadhi yetu tuliishia darasa la nne. Jaribio la kwanza la urari lilituchukua Jumamosi tatu. Sasa tunalimaliza kabla chai haijapoa, na siri yake ni kurudia zoezi lilelile bila kutazama jibu. Kutazama jibu na kutikisa kichwa "aa, nimeelewa" hakukufikishi popote.

Maombi yetu ni mawili. La kwanza, ubao wa ukutani, maana tunaandikia mlango wa stoo. La pili, tunaomba wanachama wenye watoto wanaosoma biashara wawaruhusu kuja Jumamosi saa tisa alasiri. Waje na vitabu vyao na maswali ya mitihani iliyopita. Jumamosi ijayo tunafanya zoezi la cherehani: mwanachama mmoja anataka kujua kama ashone sare za shule kwa bei aliyopewa, na jibu anatakiwa kulitoa Jumatatu.