Maharage ya Kupaka: Kitoweo cha Kwenda Nacho Shambani

 

Wakati wa tumbaku watu hushinda shambani au kwenye mabani. Mara nyingi chakula kinachobebwa ni viazi au mihogo ya kuchemsha, bila kitoweo. Nyama inataka fedha. Je, maharage yaliyomo ghalani? Leo tuzungumze namna ya kuyaponda, kuyatia pilipili na kuyapaka juu ya kiazi au chapati. Hayahitaji nyama, maziwa wala mayai.

Chagua kikombe 1 cha maharage makavu, uyaloweke usiku kucha. Alfajiri mwaga maji hayo, tia mapya. Maharage yaliyolowekwa huiva upesi na kuni hupungua. Miti ya miombo ndiyo inayowapa nyuki maua, kwa hiyo mwenye mizinga asichezee kuni.

Sasa sikilizeni vizuri. Maharage, hasa mekundu, yasipoiva yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha. Moto mdogo peke yake hautoshi. Yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi, kisha endelea mpaka yapondeke kwa vidole.

Yakiiva, chuja na uhifadhi supu yake. Kaanga kitunguu 1 na punje 2 za kitunguu saumu kwa vijiko 2 vya mafuta ya alizeti. Twanga maharage kinuni pamoja na vitunguu hivyo na vijiko 2 vya karanga zilizokaangwa. Yakiwa mazito mno, ongeza supu kidogo kidogo.

Kabla ya kutia pilipili na chumvi, mama atenge fungu la mtoto mdogo. Naye anahitaji maharage haya ili akue vizuri, lakini pilipili si yake. Kisha tia chumvi, pilipili kichaa 1 au 2 zilizotwangwa, na maji ya ndimu. Ndimu si ya ladha tu: husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage, na madini hayo ndiyo yanayojenga damu. Chai ya majani msinywe papo hapo na chakula hiki, maana huzuia madini hayo. Na aliyeshika pilipili anawe mikono asije akajigusa macho.

Mwisho, msitengeneze ya wiki nzima. Bebeni katika chombo safi chenye kifuniko, kikae kivulini, na yaliwe mchana huohuo. Wala msiyafunge kwenye chupa mkayaweka siku nyingi mkidhani pilipili itayalinda. Vijidudu vingine huota ndani ya chupa iliyofungwa na kutoa sumu kali, na pengine harufu isibadilike. Pondeni ya siku moja. Maharage makavu yanayobaki gunia litawatunzia.