Chumvi Inayokula Nywele: Tuijue Kabla Haijatudhuru
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa viwanda vya ngozi)



Leo twataka kusema habari za dawa ambayo wengi wetu huishika kila siku, nayo ni sodiamu salfaidi. Ni chumvi ya sodiamu na salfa. Huja kwa magunia, vipande vyembamba vya rangi ya manjano au nyekundunyekundu. Huvuta unyevu wa hewa, basi gunia lisiachwe wazi.

Kazi yake kwetu ni kutoa nywele. Ngozi mbichi ikilowekwa katika maji yenye chumvi hii pamoja na chokaa, nywele huyeyuka na kutoka. Wenzetu wa viwanda vya nguo hutumia chumvi hiyo hiyo kuyeyushia rangi za salfa.

Chumvi inayokula nywele za ng'ombe haichagui ngozi ya mtu. Maji yake huunguza mikono, na tone moja laweza kuharibu jicho. Likikurukia, jioshe mara moja kwa maji mengi muda wa robo saa, kisha nenda hospitali.

Lakini hatari kubwa ni pale maji hayo yanapokutana na asidi. Hapo hutoka gesi ya haidrojeni salfaidi. Mwanzo hunuka kama mayai viza. Ikizidi huua pua, hata mtu adhani imekwisha. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa mashimoni na mitaroni. Mtu huanguka, mwenzake hushuka kumwokoa, naye huanguka juu yake. Ndivyo walivyokufa wafanya kazi wa ngozi katika nchi nyingi.

Tufanyeje? Mtaro wa chokaa na mtaro wa asidi visikutane. Mtu asiingie shimoni kabla hewa haijapimwa, wala bila kamba na mwenzake juu. Mwenzetu akianguka, tuite wenye vifaa vya kupumulia. Tusimfuate mikono mitupu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe glavu, viatu na miwani. Penye wafanya kazi 20 au zaidi, pawe na kamati ya usalama. Tukiona hatari kubwa tumwarifu msimamizi, na sheria yamkataza mwajiri kuturudisha mahali pale kabla hajaiondoa. Hiyo ni haki yetu, si zawadi ya tajiri. Anayeogopa kusema peke yake, amwendee mjumbe wa chama, nasi tutasema pamoja naye.

Umoja ni nguvu.