Maji ya Mombasa na Hesabu ya Miaka Mingi

Kisiwa cha Mombasa, ambacho kwa dahari nyingi kiliwanywesha wenyeji wake kwa visima na kwa mabirika ya maji ya mvua, hakina mto wala ziwa, na kwa sababu hiyo maji ya mabomba yake hutoka mbali: Marere katika vilima vya Shimba, Tiwi, Baricho kando ya Mto Sabaki, na chemchemi za Mzima.

Mzima yastahili taamuli zaidi. Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu huzama katika majabali ya volkano, ikasafiri chini ya ardhi huku ikichujika, hata ikabubujika safi katika mbuga ya Tsavo, mahali wakaapo viboko. Na bomba lililokamilika mwaka 1957, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, huyateremsha maji hayo hadi pwani.

Walioipima kazi ile waliupimia mji wa zama zao, nao mji umekua mno. Ndiyo maana leo yazungumzwa habari ya bomba la pili, na ya bwawa la Mwache huko Kwale. Mambo hayo, kwa rai yangu, hayafai kungojea kiu, kwani bwawa halijengwi kwa msimu mmoja, na kisima cha kisiwani, kikitekwa kupita kiasi, huvuta chumvi ya bahari. Na msitu wa Chyulu, ulio mbali na macho yetu, nauhesabu kuwa sehemu ya bomba lenyewe.