Kwa Nini Tuandike Wenyewe: Ushahidi wa Mtu katika Zama za Akili Unde

Mhadhara wa umma uliotolewa Korbesa, Merti, Kaunti ya Isiolo

 

Nimeombwa nizungumze juu ya uandishi wakati huu ambapo mashine nayo inaandika. Nitaanza na hoja yangu, ili anayetaka kunipinga ajiandae mapema. Andiko la kuaminiwa ni lile ambalo mwenyewe anaweza kuitwa barazani, akaulizwa, akajibu. Mengine yana kazi zake, hata kama ni matamu na sarufi yake imenyooka, lakini ushahidi si kazi yake. Nami nasema kwamba sababu kubwa ya mtu wa Korbesa kushika kalamu au simu leo ni kutoa ushahidi.

Tulizoea zamani

Tusiitwike mashine lawama zote. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Kabla ya hapo sisi wenyewe tulishawafundisha watoto kuandika wasichokiona. Mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, ulimpa mtahiniwa dakika 40 za insha ya Kiswahili. Walimu wengi walijua njia ya mkato: mtoto akariri mapambo. Basi mtoto wa Merti, ambaye jana yake alishinda kisimani akisubiri zamu ya mbuzi, aliandika kwamba majogoo waliwika, umande ukametameta kwenye nyasi, naye akajihimu na kuondoka akiwa amefurahi ghaya ya kufurahi. Nyasi zipi, na umande gani, wakati wa kiangazi cha hapa Waso? Mtahini hakuuliza, na mtoto alipata alama nzuri. Kisima hakikuingia katika insha.

Mtoto huyo alipokua na kumaliza chuo bila kupata ajira, ustadi wake ulipata soko. Kwa miaka mingi vijana wa Kenya wameandika insha na tasnifu za wanafunzi wa Uingereza, Marekani na kwingineko. Wapo walionunua akaunti za kazi hiyo mtandaoni, na wapo waliozikodisha kwa wenzao. Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, ameifuatilia kazi hii, na filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024 imewaonyesha waandishi hao. Kijana anasoma usiku kucha, anaandika kuhusu uuguzi au falsafa, na shahada inakwenda kwa mwingine. Akili yake imo katika kila ukurasa ila jina lake halimo. Mashine ilipokuja, wateja waligundua kwamba mwandishi asiye na jina anapatikana kwa bei ya chini zaidi, na kazi ikapungua.

Hata mashine yenyewe ina jasho letu. Mnamo Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi, waliofanya kazi kwa ajili ya OpenAI, wenye ChatGPT, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji na kuyawekea alama, ili mfumo ujifunze kuyaepuka. Mkenya anayestaajabia adabu ya mashine hiyo ajue kwamba vijana wa Nairobi walisoma uchafu ili adabu hiyo ipatikane.

Watu waliandika kwa nini?

Sasa tuwatazame walioandika kwa sababu zao wenyewe. Mwaka 1858, katika pwani yetu ya kaskazini, Mwana Kupona alikuwa mgonjwa. Alitunga utenzi wa mawaidha kwa binti yake, Mwana Hashima. Msomaji aliyemlenga alikuwa mmoja, naye alimjua kwa sura na kwa tabia. Leo utenzi huo unasomwa vyuoni, lakini uhai wake ulianzia pale: mama alikuwa na neno kwa mwanawe na muda wake ulikuwa ukiisha.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya habari ya moja kwa moja, Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake yale aliyokuwa akiyaona na kuyasikia. Watu wakamtumia habari nyingi kuliko alizoweza kuzihakiki peke yake. Januari 2008, yeye na wenzake Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaanzisha Ushahidi, mfumo uliopokea taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi na kuziweka kwenye ramani. Taarifa iliyofika ilihitaji mahali na wakati, kisha ikatafutiwa uthibitisho.

Mfano wa tatu uko hapa. Wazee waliopo wanakumbuka vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi 1967. Watu wa Waso walifungiwa na serikali katika kambi, Merti ikiwa mojawapo, na mifugo yao mingi ikaangamia. Kwa miaka mingi habari hizo zilikaa vifuani. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipozunguka nchi, ilipokea taarifa zaidi ya 40,000 za wananchi, na ripoti yake ikakabidhiwa kwa Rais Mei 2013. Waliozitoa hawakuwa waandishi. Walikuwa watu waliotaka lililowapata liandikwe kwa jina lao, hata kama fidia haitakuja.

Mama aliyekuwa na mwana wa kuusiwa, raia aliyeona jambo likizimwa, na mzee aliyepoteza mifugo: hakuna kati yao ambaye angeridhika kuandikiwa na asiyekuwepo.

Maswali ya wazee

Wazee, mnayo desturi ambayo vyuo vikuu vinapaswa kuja kujifunza. Mvua inapokosa, dedha, baraza la wazee wa malisho, haiamui kwa uvumi. Hutumwa vijana kwenda kuangalia malisho na maji. Wakirudi, wazee huwauliza. Umefika wapi hasa? Kisima kilikuwa na maji ya kiasi gani? Ulikuta mifugo ya nani? Mlikutana na nani njiani? Kuna ugonjwa? Anayejibu anajua kwamba akisema uongo, ng'ombe watakufa na jina lake litabaki kwenye habari hiyo. Aba herega, msimamizi wa kisima, hapangi zamu ya maji kwa maneno matamu.

Mashine ya kuandika haiwezi kupita katika maswali hayo. Inavyofanya kazi ni hivi: imepitishwa katika maandishi mengi mno, na kutokana nayo inakadiria neno lipi lina uwezekano wa kufuata jingine. Ukiiuliza juu ya ukame wa wafugaji, itakupa aya safi yenye mifupa ya ng'ombe, mama aliyebeba mtungi na jua kali, kwa kuwa hivyo ndivyo wengi walivyokwisha kuandika. Ukiiuliza ni kisima kipi cha Korbesa kilichokauka kwanza katika ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilipokosa mfululizo, huenda ikataja jina bila haya. Haina mguu uliofika kisimani wala ng'ombe wa kupoteza.

Taarifa ya kila mwezi ya NDMA, mamlaka ya kitaifa ya kudhibiti ukame, hutupa hali ya kaunti nzima: mvua, malisho, bei ya mbuzi, umbali wa kwenda majini. Tunaihitaji. Lakini mama aliyeuza mbuzi wa mwisho, na kwa nini alimuuza huyo badala ya mwingine, hawezi kuenea kwenye jedwali. Hilo ataliandika yeye, au mwanawe aliyemsikiliza, la sivyo halitaandikwa.

Pingamizi la haki

Mtu ataniuliza: kijana wa hapa anazungumza Kiborana nyumbani, Kiswahili sokoni, Kiingereza darasani. Anataka barua ya kuomba basari isikataliwe kwa sababu ya sarufi. Kwa nini asisaidiwe na mashine? Namjibu: asaidiwe. Barua ya basari ni mlango, na milango mingi imefungwa kwa Kiingereza kibovu. Hata zamani wasiojua kusoma waliandikiwa barua na wengine. Lakini mwenye barua alisema yake, akasomewa, akakubali, ndipo akaweka dole gumba. Mpaka ni huo. Mashine inyooshe sentensi. Habari iwe yako, na mstari usioweza kuutetea mbele ya kamati ya basari uufute.

Hatari kubwa naiona kwenye magrupu ya WhatsApp. Kukitokea wizi wa mifugo, ujumbe usio na mwenyewe husambaa kabla vumbi halijatua. Zamani mchochezi alihitaji angalau kujua kuandika. Sasa anaweza kupata jumbe kumi za hasira, kila moja kwa sauti tofauti, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Katika nchi ya mipaka ya malisho inayogombaniwa, jambo hilo linaweza kuua. Dawa yake ni yale maswali ya dedha: nani ameona, wapi, lini? Asiyejibu asisambaziwe ujumbe wake.

Ombi langu

Walimu, mtoto akileta insha, msahihishe, kisha mwite aulizwe juu ya alichoandika. Atakayeandika habari ya kisima kwa Kiswahili kinachochechemea, naye anakijua kisima hicho, apewe alama zaidi ya aliyepamba umande asiouona.

Vijana, kila mmoja wenu akae na mzee mmoja kabla ya mvua zijazo. Andikeni jina la mahali kama linavyotamkwa hapa, mwaka, jina la msimulizi akiruhusu, na majina yenu ninyi mlioandika. Kiborana, Kiswahili, vyovyote vile. Msomeeni mzee kabla ya kuhifadhi, na akisema "hapo sivyo," sahihisheni.

Wazee, wapeni vijana muda wenu, na waulizeni kwa ukali ule ule mnaowauliza waliotumwa malishoni. Walioona vita vya Shifta kwa macho yao wanazidi kupungua kila mwaka, na hakuna mashine itakayoyajua waliyoyaona tusipoyaandika sisi.

 Sasa niulizeni.